Ukiona Vyaelea: Maisha ya Lovji Wadia, Seremala wa Gudi la Bombay

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hii tumeizoea harusini, mashuleni na kwenye mikutano ya siasa, hata tumesahau kwamba ni maneno ya ufuoni. Leo naomba kuirudisha ufuoni, nikueleze habari za mtu mmoja aliyeunda vyombo maisha yake yote. Hakuwa wa kwetu, wala hatukuwa naye dini moja. Lakini bahari aliyoitumikia ni hii yetu, na kuna chombo kilichotoka mikononi mwa ukoo wake ambacho wazee wa Mombasa walikiona kwa macho, wala hawakukifurahia. Nitafika huko.

Kwanza tukumbushane jambo. Ukipita ufuoni siku za bamvua utaona jahazi likipwelezwa. Chombo huingizwa maji yakiwa yamejaa, yakipwa hubaki juu ya mchanga, kimeegemezwa magogo ubavuni. Hapo mafundi wana saa chache tu. Wanakwangua uchafu wa bahari, wanatia kalafati kwenye nyufa, wanapaka deheni ya shahamu na chokaa, huku jicho moja liko kwenye maji. Maji yakirudi, kazi imekwisha, iwe imekamilika au haijakamilika. Kwa jahazi hilo latosha. Lakini chukua merikebu ya mizinga, yenye kina kirefu na uzito wa mamia ya tani. Ukiilaza mchangani, mbavu zitavunjika. Na hata ikisimama, mkuku wake umezikwa chini na fundi hawezi kuufikia.

Ndiyo maana watu wakabuni gudi kavu. Ni shimo kubwa lililojengwa kwa mawe kando ya bahari, lenye milango mizito upande wa maji. Chombo huingia maji yakijaa. Maji yakipwa, hutoka pamoja na bahari, milango ikafungwa, na yale yanayobaki hupigwa pampu. Chombo kinakaa juu ya magogo yaliyopangwa chini ya mkuku, kimeshikiliwa pande zote, na fundi anatembea chini ya tumbo lake kama anayetembea chini ya dari. Hana haraka ya maji. Anaweza kutoa ubao mmoja mmoja, mwezi mzima akitaka.

Mtu aliyesimamia kujengwa kwa gudi la namna hiyo pale Bombay, ambayo leo ni Mumbai, aliitwa Lovji Nusserwanjee Wadia.

Alizaliwa karibu na mwaka 1702 katika kijiji cha Siganpur, jirani na mji wa Surat, katika Gujarat. Alikuwa Mparsi, yaani katika kizazi cha wale Waajemi wa dini ya Zoroasta waliohamia India karne nyingi kabla yake. Jina Wadia kwa Kigujarati ni jina la kazi, lina maana ya muunda meli.

Surat ya wakati huo haikuwa mji mdogo. Ilikuwa bandari kuu ya dola ya Mughal. Mahujaji wa India walipandia merikebu hapo kwenda Jeddah, na kwa sababu hiyo mji ukaitwa lango la Makka. Wafanyabiashara wake walifika Mokha, Maskati na mwambao wetu. Palipo na biashara kama hiyo pana mafundi, na mafundi wa Surat walisifika mbali. Mbao za ubavuni hawakuzipanga kwa kuziegemeza tu ukingo kwa ukingo. Walizichonga ulimi na mfereji, ubao ukaingia ndani ya mwenzake, katikati wakatia pamba na utomvu. Chombo kilichofungwa hivyo kilishikana kama kipande kimoja.

Lovji alijifunza kazi hapo, tezo mkononi, hadi akawa msimamizi wa mafundi katika kiwanda cha bwana mmoja wa Surat.

Wakati huohuo, kusini kidogo, Waingereza walikuwa na shida. Kisiwa cha Bombay walikipata kama mahari kutoka kwa Wareno mwaka 1661, mfalme wao alipomwoa binti wa kifalme wa Ureno. Mwaka 1668 mfalme akaikodisha Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka. Bombay ilikuwa na bandari nzuri yenye kina na kinga ya upepo, lakini haikuwa na watu wa kuunda wala kutengeneza vyombo vikubwa. Kampuni ilikuwa ikisumbuliwa baharini na merikebu za ukoo wa Angre, waliokuwa wakuu wa bahari wa Wamaratha, na kila chombo kilichopasuka kilibidi kitafutiwe fundi wa mbali. Surat nayo ilikuwa imeanza kuwa mahali pa wasiwasi. Mto wake ulijaa mchanga, merikebu kubwa zikawa zinatia nanga mbali na mji, na vita vya bara vilikuwa havipoi.

Basi mwaka 1735 afisa wa Kampuni aitwaye Dudley alikwenda Surat kuundisha chombo. Akiwa pale, jicho lake likamwangukia yule msimamizi wa mafundi. Aliona mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata mara moja, na ambaye wafanyakazi wanamsikiliza bila kelele. Akamwomba ahamie Bombay.

Inasimuliwa kwamba Lovji alikataa kuondoka papo hapo. Alikuwa ameahidi kazi kwa tajiri wake, na ahadi hiyo haikuwa ya kuvunjwa kwa sababu mtu mwingine ametaja mshahara mzuri zaidi. Alisubiri mpaka kazi imalizike. Baada ya hapo, mwaka 1736, ndipo alipofunga safari pamoja na maseremala wachache kutoka kwao. Mambo yote yaliyofuata Bombay yalianza na kile kikundi kidogo cha watu wenye misumeno na masanduku ya zana.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tunapozungumzia kuunda meli. Tunadhani kazi huanza kwa mashine. Jambo moja la mwanzo ambalo Kampuni ilimpa Lovji ni kwenda kutafuta mbao. Alirudi kaskazini, upande wa Gujarat, akapatana na wauza mbao wa kule ili msaji uweze kufika Bombay bila kukatika. Alijua kwamba gudi lisilo na mbao ni sawa na jiko lisilo na unga, hata liwe na sufuria za shaba.

Na msaji si mti wa kawaida. Una mafuta ndani yake. Mwaloni wa Ulaya una asidi inayokula msumari wa chuma, msumari ukioza ubao unalegea. Msaji hauli msumari. Mchwa hauupendi, na jua la kwetu haliupasui upesi. Lakini msaji nao una masharti yake. Lazima ukaushwe vizuri kabla ya kutumika. Na kwa mataruma, yaani zile mbavu za chombo, fundi hutafuta mti uliopinda wenyewe msituni, kwa sababu mti mnyofu ukikatwa kwa kupindisha unapoteza nguvu. Mtu wa kuchagua mbao lazima awe na chombo kizima kichwani mwake kabla hakijazaliwa. Lovji alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kazi ikaendelea, Lovji akapandishwa akawa fundi mkuu. Juu yake alikuwako msimamizi wa Kiingereza wa mambo ya bahari wa Kampuni. Lakini hesabu ya mbao, ugawaji wa mafundi, na neno la mwisho kuhusu kama chombo kinafaa kurudi baharini au la, vilimtegemea yeye. Chini yake walikuwako maseremala, wapasuaji mbao wa msumeno wa watu wawili, wahunzi wa misumari na vyuma vya usukani, watia kalafati, wasokota kamba na washona matanga. Kila kundi lina mkubwa wake, na kila kundi linangoja lingine. Mhunzi akichelewa, seremala anakaa bure. Kamba ikiwa mbovu, mlingoti mzuri hauna maana. Kuliendesha gudi ni kuzuia watu mia wasingojane.

Halafu likaja lile gudi kavu. Bombay ina bahati ya maji. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita 4 hivi, tofauti kubwa kiasi cha kulijaza na kulikausha gudi bila taabu nyingi. Mwaka 1750 gudi la kwanza likakamilika, na wanahistoria wengi hulihesabu kuwa gudi kavu la kwanza la namna yake katika Asia. La pili likafuata mwaka 1762, na la tatu miaka michache baadaye. Yalipangwa kwa mstari, moja mbele ya jingine, kila moja na milango yake.

Msafiri wa Kiingereza aitwaye Abraham Parsons alipita Bombay mwaka 1775 akaeleza jinsi mpango huo ulivyofanya kazi. Merikebu tatu ziliweza kuwamo kwa wakati mmoja. Ile ya nje iliweza kutolewa na nyingine kuingizwa kila bamvua, bila kuzuia kazi ya zile mbili za ndani. Kwa hiyo kazi ndefu iliwekwa ndani kabisa na kazi fupi iliwekwa mlangoni. Ni jambo dogo la busara, lakini fikiria limeokoa siku ngapi. Parsons aliliona pia banda refu la kusokotea kamba, lenye paa la kuwakinga wafanyakazi na jua, akasema kwamba kwa Uingereza ni la Portsmouth tu lililolishinda. Humo zilisokotwa kamba za katani na za makumbi ya nazi.

Parsons hakumkuta Lovji. Mzee alifariki mwaka 1774, baada ya kuitumikia bandari ile karibu miaka 40. Na hapa kuna jambo la kutafakari. Mtu aliyepitishiwa mikononi mwake mbao za thamani kubwa, katika zama ambazo maafisa wengi wa Kampuni walirudi kwao matajiri kupindukia, aliacha nyumba moja na fedha zisizofika rupia 20,000. Hakuiba. Kwa mtu aliyeshika funguo za ghala la mbao, sijui sifa gani inazidi hiyo.

Alichoacha hasa kilikuwa kitu kingine. Wanawe wawili, Maneckjee na Bomanjee, walirithi kazi yake pamoja. Na kabla hajafa, wajukuu wake Framjee na Jamsetjee walikwisha kuingizwa gudini. Hawakupewa kiti. Wajukuu wa fundi mkuu walianza kama maseremala wa kawaida, kwa mshahara wa rupia 12 kwa mwezi, wakipasua na kuchonga kama mtoto wa mtu yeyote. Lovji angeweza kuwafanya makarani. Aliona afadhali mikono yao ipate sugu kwanza.

Matunda yake yakaonekana. Jamsetjee ndiye aliyeunda Minden, iliyoshuliwa mwaka 1810, manowari kubwa ya kwanza ya jeshi la wanamaji wa Uingereza kuundwa nje ya visiwa vyao. Aliunda Cornwallis mwaka 1813, ambayo mwaka 1842 mkataba wa Nanking kati ya Uingereza na China ulitiwa saini juu yake. Na mwaka 1817 ukoo huo ukashua Trincomalee, ambayo hadi leo inaelea katika bandari ya Hartlepool, kaskazini mwa Uingereza. Zaidi ya miaka 200 na mbao zingali zimeshikana.

Nguvu ya gudi ilionekana pia vitani. Mwaka 1782 Mfaransa Suffren na Mwingereza Hughes walipigana mara kadhaa katika Ghuba ya Bengal, na hakuna aliyemzamisha mwenzake. Lakini msimu wa dhoruba ulipowadia, Hughes alikuwa na Bombay ya kwenda kutengeneza merikebu zake. Suffren hakuwa na gudi kama lile popote katika bahari hii, ikambidi ajifungie nyufa kwa alichokipata. Shujaa ni shujaa, lakini chombo kinachovuja hakijali ushujaa wa nahodha.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Mwaka 1826, chini ya Nowrojee, kitukuu cha Lovji, gudi la Bombay lilishua manowari ya mizinga 74 iliyoitwa Liverpool. Aliyeiagiza alikuwa Sayyid Said bin Sultan wa Maskati, yule ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Mwanzoni mwa mwaka 1828 alikuja nayo hapa Mombasa kuwashinikiza Mazrui waliokuwa wameshika Ngome. Kwa hiyo mababu zetu walipotazama mlango wa bandari asubuhi ile, walichokiona ni msaji wa India, umechongwa na vizazi vya yule seremala wa Siganpur, umejaa mizinga. Baadaye Sayyid alimzawadia chombo hicho mfalme wa Uingereza, kikabadilishwa jina kikaitwa Imaum, na mwisho wake kikawa kinakaa Port Royal kule Jamaica.

Nimeyataja haya kwa sababu sitaki kumpamba mtu kupita kiasi. Lovji alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ambayo baadaye iliimeza India yote. Vyombo vya gudi lake viliilinda dola, na dola hiyo mwishoni ikafika hadi hapa kwetu. Fundi hachagui siku zote chombo chake kitabeba nini. Lakini ustadi wenyewe haukuwa wa Kampuni. Ulitoka Surat, ulikuwako kabla ya Kampuni, na Kampuni ilibidi iende kuuomba. Hilo nalo tulikumbuke.

Ukoo wa Wadia waliendelea kuwa mafundi wakuu hadi miaka ya 1880. Mvuke ulipoingia hawakukaa wakilia. Mwaka 1838 vijana wawili wa ukoo, Jehangir Nowrojee na Hirjeebhoy Merwanjee, walisafiri hadi Uingereza kujifunza kuunda meli za mvuke. Ndugu yao Ardaseer Cursetjee mwaka 1841 akawa Mhindi wa kwanza kuingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya London. Lakini chuma kilikuja na viwanda vyake vya Ulaya, meli za msaji zikakosa soko. Magudi yenyewe yapo hadi leo, ndani ya kambi ya wanamaji wa India.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu Kenya nayo imeanza kuzungumza lugha ya kuunda meli. Serikali iliunda shirika la Kenya Shipyards mwaka 2020, na Kisumu tumeona meli ikiundwa ziwani. Ni jambo jema, Alhamdulillahi. Hapa Mombasa pia tuna gudi na watu wa kutengeneza meli za chuma kwa miaka mingi. Kila nikisoma taarifa za mipango mipya, naona winchi, naona mita za gati, naona mabilioni. Sioni sana habari za nani atamfundisha nani.

Nina mpwa wangu mwenye stashahada ya uhandisi wa meli. Mimi mwenyewe nina stashahada, kwa hiyo siidharau karatasi. Lakini siku moja nilimuuliza amewahi kuingia chini ya tumbo la chombo mara ngapi. Akanyamaza. Chuo kilimfundisha kwa picha. Na ng'ambo ya pili ya mji, ufuoni, kuna mzee mwenye miaka sabini na kitu anayeweza kugonga ubao kwa kidole akakwambia kama umeoza ndani. Mzee huyo hana mwanafunzi hata mmoja. Wanawe wanaendesha bodaboda. Kule Lamu, Matondoni na Kizingitini, mafundi wangali wapo, lakini waulize wana vijana wangapi.

Wengine watasema mbao zimepitwa na wakati, dunia ni ya chuma. Kweli. Hata Wadia walishindwa na chuma. Lakini walichokuwa nacho Wadia si mbao peke yake. Walikuwa na utaratibu wa kumweka kijana chini ya fundi, kwa mshahara mdogo lakini wa hakika, miaka kadhaa, mpaka mkono ujue. Chuma nacho kinataka mkono unaojua. Mchomeleaji wa meli hafunzwi kwa semina ya siku tatu.

Ombi langu kwa wakubwa wa kaunti zetu za pwani na kwa wenye magudi ni moja tu. Kila mnapotenga fedha za mashine, tengeni na za wanagenzi, na muwalipe mafundi wazee kwa kufundisha, kama mnavyowalipa washauri kutoka nje. Lovji alijengewa gudi la mawe mwaka 1750. Lakini alikuwa amekuja na watu wake miaka 14 kabla.

Mpwa wangu nimempangia safari. Bamvua lijalo yule mzee ana jahazi la kupweleza, na amekubali apate mtu wa kumshikia taa. Nimemwambia kijana aache viatu vizuri nyumbani.